Goma: kengele inayoona sumu ya makala lakini haioni mazuku

GOMA – Kifaa kiliingia mjini kupitia Kigali na Grande Barrière, kimefungwa ndani ya soksi mbili katika sanduku la msafiri. Ni cheupe, kinatoshana na kiganja cha mtu mzima, kina kioo kidogo cha namba, kibonye kimoja na taa tatu. Aliyekituma ni mtu wa Goma anayeishi Ubelgiji. Aliyekipokea ni shemeji yake, mwalimu wa kemia kwenye shule moja ya sekondari, anayekaa na jamaa yake mtaani Keshero, upande wa magharibi wa mji.

Huko Ubelgiji kila majira ya baridi kuna watu wanaokufa bafuni au kitandani kwa sababu ya mashini za gesi za kupasha maji ambazo hazitoi moshi wake vizuri. Ndiyo maana watu wanatundika kengele hizo ukutani. Shemeji alifikiria mbabula za Goma, akanunua mbili, moja yake na nyingine ya dada yake.

Dada huyo, bibi ya mwalimu, alikigeuza kifaa mara mbili mkononi, kisha akauliza swali ambalo mkaaji yeyote wa Keshero angeuliza.

"Hii iko naona na mazuku?"

Mwalimu alijibu kwamba haioni. Kueleza kwa nini haioni kulichukua jioni nzima, na majirani wawili walikuja kukaa kusikiliza.

Mazuku hayahitaji kuelezwa Goma, lakini jina la gesi yenyewe mara nyingi linachanganywa. Gesi inayotoka ardhini kati ya mawe ya volkano, kuanzia pembeni ya ziwa hadi Lac Vert, Bulengo na Sake, ni kaboni dioksidi kwa sehemu kubwa, inayoandikwa CO2. Gesi inayotoka kwenye makala ni kaboni monoksidi, inayoandikwa CO. Kati ya majina hayo kuna tofauti ya namba moja ndogo, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kifaa kinacholia na kifaa kinachonyamaza huku mtu anazimia.

Mwalimu alianza na uzito, kama anavyoanza darasani. Kaboni ni 12, oksijeni ni 16. CO ni 12 na 16, jumla 28. CO2 ni 12 na 32, jumla 44. Hewa tunayovuta, ikichanganywa yote, inakaribia 29. Kwa hiyo CO2 ni nzito kuliko hewa, inatelemka na kulala kwenye bonde kama maji, hasa usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Ndiyo maana mazuku yanaua kwanza kuku, mbuzi, na mtoto aliyeinama kuokota kitu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita na asisikie chochote. CO nayo ina uzito karibu sawa na hewa. Hailali chini. Inapanda pamoja na joto la moto, inachanganyika na hewa ya chumba chote, na inamfikia aliye kitandani sawa na aliye kwenye mkeka.

Jirani mmoja, fundi wa pikipiki, akasema basi kifaa kitundikwe chini kabisa, kione zote mbili. Hapo mwalimu akalazimika kufungua habari ya kilichomo ndani.

Ndani ya kengele ya namna hii kuna kiseli kidogo kinachofanana na betri: maji ya asidi na vipande vyembamba vya madini, mara nyingi platini. Hewa ikiingia na CO, ile CO inamalizia kuungua juu ya platini, inageuka CO2, na katika kugeuka inaachia umeme kidogo sana. CO ikiwa nyingi, umeme unaongezeka. Kifaa kinapima umeme huo na kuuandika kama namba. Sasa CO2 ya mazuku imekwisha kuungua tangu zamani. Haina cha kuachia. Mtu anaweza kukitumbukiza kifaa hiki ndani ya mazuku yenyewe na kioo kikaendelea kuonyesha 0. Vipimo vya CO2 ni vingine, vingi vinatumia mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni, na bei yake ni nyingine.

Fundi alisikitika. Alikuwa ameshaanza kufikiria shamba lake la Bulengo.

Lakini bibi ya mwalimu alikuwa anafikiria jambo lingine. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano ndani ya mji, jamaa hii ilijifungia siku nne. Jiko lao ni banda dogo nyuma ya nyumba, upande wa ukuta wa parseli, na hakuna aliyetaka kusimama huko risasi zikipita. Mbabula ikaletwa ndani, kwenye koridoo. Madirisha yalifungwa, magodoro yakasimamishwa mbele ya vioo, na nguo zikawekwa chini ya mlango. Watu tisa walilala vyumba viwili vya katikati. Siku ya pili wote waliamka na kichwa kinachogonga. Binti mdogo alitapika, akalegea, akawa hataki kunyanyuka. Walidhani ni woga, halafu wakadhani ni malaria, wakampa dawa iliyokuwa nyumbani. Alasiri milio ilipotulia kidogo, mlango wa nyuma ulifunguliwa ili kuchota maji ya mvua, mtoto akawekwa barazani. Baada ya muda aliomba uji.

Wakati ule kila mtu alimshukuru Mungu na dawa ya malaria. Sasa, mwalimu akiwa na kijitabu cha kifaa mkononi, kilichoandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, alisoma kwa sauti ukurasa wa Kifaransa unaotaja dalili: kichwa, kizunguzungu, kutapika, uchovu, kuchanganyikiwa. Chini yake kumeandikwa kwamba mtu aangalie ikiwa watu wote wa nyumba wanaumwa pamoja, na ikiwa wanapata nafuu wakitoka nje. Bibi yake alikaa kimya. Malaria haipigi watu tisa asubuhi moja, na haiponi kwa kukaa barazani. Homa pia haikuwepo, alikumbuka. Mtoto alikuwa baridi.

Kuna jambo moja kuhusu makala ambalo mama wengi wanalijua kinyume. Mbabula ikiwa bado inatoa moshi, wanaiacha nje. Makala yakishakuwa mekundu, safi, bila moshi, ndipo wanaingiza ndani, kwa sababu wanaona hatari imekwisha. Moshi unaoonekana ni shida ya macho na kifua. CO haina rangi, haina harufu, na makala mekundu ndiyo yanayoitengeneza kwa wingi: hewa inaingia chini ya mbabula, inaungua kuwa CO2, halafu CO2 hiyo ikipanda katikati ya makala yenye moto mkali inanyang'anywa oksijeni na kurudi kuwa CO. Juu ya makala mazuri kunaonekana wakati mwingine ndimi ndogo za buluu. Hiyo ni CO inayoungua. Ile isiyoungua inabaki chumbani.

Herufi za kwanza kwenye kioo cha kifaa ni ppm. Kijitabu kinasema maana yake ni sehemu kwa milioni, maneno ambayo hayakumsaidia mtu yeyote pale sebuleni. Mwalimu akachukua bidoni.

Chumba cha watoto kina metre 4 kwa 3, na urefu wa kwenda juu metre 2 na nusu. Hiyo ni metre kyubu 30, yaani litre 30,000 za hewa. Ukiingiza humo litre 3 za CO tupu na kuzichanganya vizuri, unapata 100 ppm. Ukiingiza bidoni ndogo ya litre 5, unapata kama 167. Ukiingiza bidoni moja ya manjano, ile ya litre 20 ambayo watoto wanabeba kwenda kuchota ziwani, unafika 667. Katika 400 ppm mtu anaumwa kichwa sana baada ya saa moja au mbili, na akikaa zaidi ya masaa matatu uhai wake uko hatarini. Katika 800 anaweza kuzimia ndani ya masaa mawili. Kwa hiyo gesi inayotosha kuua jamaa iliyolala chumba hicho inaweza kuenea katika bidoni moja na kidogo.

Mama mkwe wa mwalimu, ambaye ndiye mpishi mkuu wa nyumba na hana subira na hesabu, alielewa bidoni mara moja. Alichokataa kuelewa ni kitu kingine, na swali lake lilikuwa zuri kuliko yote ya jioni hiyo. Kijitabu kinasema kengele hailii mara tu inapoona gesi. Katika 30 ppm haipaswi kulia kabla ya dakika 120. Katika 50 inalia kati ya dakika 60 na 90. Katika 100, kati ya dakika 10 na 40. Katika 300 inalia kabla dakika 3 hazijaisha. Hiyo ndiyo kanuni ya Ulaya ya kengele za nyumbani, na namba yake, EN 50291, imechapwa mgongoni mwa kifaa.

"Kama ni sumu, mbona inangoja?" aliuliza mama.

Inangoja kwa sababu damu nayo inajaa polepole. Himoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, inaipenda CO mara 200 na zaidi kuliko oksijeni yenyewe. Ikishaishika haiiachi haraka. Lakini gesi kidogo inahitaji muda ili kukalia damu nyingi. Gesi nyingi inahitaji dakika. Kengele imetengenezwa kufuata mwendo wa damu. Kama ingelia kwa kila pumzi ya makala inayopita dirishani, nyumba za Goma zisingelala, na wiki ya pili ingekuwa imeng'olewa ukutani. Kasoro ya mpango huo ni kwamba umekadiriwa kwa mtu mzima mwenye afya. Mtoto mdogo, mama mwenye mimba, mzee wa moyo na mtu mwenye upungufu wa damu wanaumia mapema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa siku nzima usizidi miligramu 4 kwa metre kyubu, kama ppm 3 na nusu hivi. Kengele nyingi za nyumbani hazionyeshi hata namba ikiwa ni ndogo hivyo. Kwa hiyo 0 kwenye kioo haina maana ya kwamba hakuna kitu. Maana yake ni kwamba hakuna kitu cha kuua usiku huu.

Kilitundikwa ukutani chumba cha watoto, urefu wa mto wa kitanda, mbali na dirisha, si nyuma ya pazia. Wiki mbili kilinyamaza. Halafu ikaja mvua ya jioni, mvua ya kweli, maji yakaingia bandani, na mama mkwe akaingiza mbabula kwenye koridoo kama alivyofanya miaka yote. Maharagwe yalikuwa hayajaiva, na yeyote anayepika maharagwe kwa makala anajua kwamba hayaachwi katikati. Kioo kilitoka 0 kikaonyesha 38, halafu 61, halafu 84. Taa nyekundu ikawaka, na baada ya dakika 40 hivi kikalia, milio minne mikali, kimya, milio minne tena. Mtoto mmoja alikimbilia chini ya meza kwa sababu katika nyumba hii mlio wa ghafla una maana yake. Mlango na madirisha vikafunguliwa, mbabula ikatolewa, maharagwe yakaliwa magumu.

Mama mkwe hakuzungumza na kifaa hicho siku tatu.

Mara ya pili kililia bila makala. Ilikuwa usiku, umeme wa mji umekatika siku ya pili, mbabula iko nje na imezimwa. Kioo kinaonyesha 70 na kitu. Mwalimu aliwatoa watu wote nje kwanza, na hapo alifanya vizuri, maana kubishana na kengele ukiwa ndani ya chumba ni kazi ya wajinga. Kisha alitafuta. Chini ya kitanda cha kijana wake mkubwa kulikuwa na betri ya gari ikichajiwa na grupu ya jirani kwa waya uliopita dirishani. Betri za namna hiyo, za risasi na asidi, zikichajiwa kwa nguvu zinatoa haidrojeni, na kile kiseli cha platini hakijui kutofautisha vizuri haidrojeni na CO: vyote viwili vinaachia umeme. Pombe kali, rangi ya mafuta na dawa za nywele pia zinaweza kukidanganya. Lakini ni udanganyifu wa manufaa. Haidrojeni chumbani inaweza kulipuka kwa cheche moja, na betri ilihamishwa barazani usiku huo huo.

Kibonye chenye neno TEST nacho kinadanganya, kwa njia nyingine. Watu wanakibonyeza, kifaa kinalia, wanaridhika. Katika kengele nyingi za nyumbani kibonye hicho kinajaribu betri, spika na umeme wa ndani tu. Hakijaribu kama kiseli bado kinanusa. Kiseli kinakauka na kuzeeka. Kulingana na aina, kinaishi miaka mitano hadi kumi, na tarehe ya mwisho imeandikwa nyuma. Hii ni habari muhimu kwa mji kama Goma ambako vitu vya Ulaya vinafika vikiwa vimetumika. Kengele iliyotupwa Liège kwa sababu imeisha inaweza kuuzwa sokoni hapa ikiwa nyeupe na safi, na bado italia kibonye kikibonyezwa.

Mwanafunzi wa zamani wa mwalimu anafanya kazi Kolwezi, kwenye mgodi wa chini ya ardhi wa kampuni moja ya shaba. Alipoona foto ya kengele kwenye WhatsApp, naye alituma foto ya kifaa chake: kidogo, cha manjano, kinabanwa kifuani karibu na mdomo. Chake kinapima gesi nne kwa pamoja, oksijeni, gesi za kulipuka, CO, na ile ya harufu ya yai bovu. Hakingoji. Kikiona CO imepita kiasi kilichowekwa, kinalia sekunde hiyo hiyo, kwanza kengele ya chini, halafu kengele ya juu. Asubuhi, kabla ya kushuka, kila kifaa kinaonjeshwa gesi: kinapulizwa gesi kutoka kwenye chupa ambayo kiasi chake kinajulikana, na kama hakilii, mwenye nacho hashuki. Kila baada ya muda uliopangwa kinapatanishwa upya, yaani kinafundishwa tena 0 ni ipi na 100 ni ipi.

Maneno yaliyomo kwenye kioo chake ndiyo yaliyomletea mwalimu kazi. Kuna PEAK, namba kubwa kuliko zote tangu kifaa kuwashwa. Hata kama sasa hewa ni safi, PEAK inamwambia bosi kilichotokea saa nne. Kuna STEL, wastani wa dakika 15 za mwisho. Na kuna TWA. Fundi wa pikipiki aliisoma kama inavyoandikwa, Twa, akauliza kama kifaa kinahesabu na watu. Hapana. Ni wastani wa siku ya kazi ya masaa 8. Aliyevuta 30 ppm masaa manne na hewa safi masaa manne, TWA yake ni 15. Katika Kifaransa cha kazini wastani wa masaa 8 ni VME na ule wa muda mfupi ni VLCT, lakini kifaa kimezaliwa na Kiingereza na kijana wa Kolwezi alifundishwa herufi bila kuelezwa maana. Aliambiwa tu: zikiwaka, panda juu. Sheria za Ulaya zinakubali 20 ppm kwa wastani wa masaa 8 na 100 kwa dakika 15. Marekani sheria ya kazini bado inaruhusu 50 kwa siku, ingawa taasisi yao ya utafiti wa afya ya kazi inashauri 35. Sumu ni moja, miili ni ile ile. Tofauti ni mahali ambapo serikali na waajiri walikubaliana kusimama.

Jambo moja kwenye kioo hicho ni hatari kama halikuelezwa. Namba ya gesi za kulipuka inahesabiwa kwa asilimia ya kiasi kinachoweza kuwaka. CO nayo inaweza kulipuka, lakini inahitaji kuwa asilimia 12 na nusu ya hewa, yaani 125,000 ppm. Anayetazama namba hiyo peke yake, akaona 0 au 1, akasema hewa ni nzuri, anaweza kuwa amesimama ndani ya 1,250 ppm. Kiasi hicho tayari kimepita ule mpaka wa 1,200 ambao Marekani inauhesabu kuwa hatari ya uhai papo hapo.

Wachimbaji wadogo wa Kivu hawana kifaa hicho, cha manjano wala cheupe. Kwenye mashimo ya dhahabu mtu anajua kuogopa udongo na maji. Kamituga, Septemba 2020, mvua ilifunika mashimo na watu wasiopungua 50 walikufa. Motopompe ya petroli inayoteremshwa shimoni ili kuvuta maji hayo, hiyo haiogopwi sana, na injini ndogo ya petroli katika shimo lisilo na upepo inaweza kupandisha CO hadi kiasi cha kuua kwa dakika. Mwenzake akishuka kumtafuta, anakuwa wa pili.

Keshero hakuna shimo, lakini kuna grupu. Nyuma ya ukuta wa chumba cha watoto kuna saluni, na umeme ukikatika mwenye saluni anawasha grupu ndogo kwenye kipenyo kati ya nyumba mbili, bomba la moshi limeelekea ukuta wa mbao. Nyumba za mbao za Goma zinavuta hewa kwenye kila ufa, na huo ni wokovu wake. Lakini ufa hauchagui hewa gani iingie. Mwalimu alipeleka kifaa pale kwa heshima, baada ya salamu na baada ya kuuliza habari za mama mgonjwa.

"Mwalimu, hii grupu iko nje," alisema mwenye saluni. "Moshi inaenda juu."

"Tuangalie pamoja, dada."

Waliingia saluni, mlango wa nyuma ukiwa wazi kama kawaida. Baada ya dakika kumi kioo kilionyesha 52. Yule mama alitazama namba, akatazama vijana wawili waliokuwa wanasuka tangu asubuhi. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi sita na alikuwa amelalamika kichwa wiki nzima. Hakukuwa na ugomvi. Jioni hiyo grupu ilivutwa hadi mbele, karibu na barabara, kwa waya mrefu wa kuazima, na usiku inafungwa kwa mnyororo kwenye mti kwa sababu ya wezi. Mafuta yanaibwa hata hivyo.

Yule mwenye mimba alienda kituo cha afya. Walimbana kidole kwa kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu, kikasema oksijeni 98, akaambiwa ni mzima. Hilo nalo linahitaji kujulikana na wauguzi wengi zaidi: kile kidude cha kidole kinatazama rangi ya damu, na damu iliyoshika CO ina rangi inayofanana na ile iliyoshika oksijeni. Kinasoma vizuri huku mtu anakosa hewa. Kinachoonyesha ukweli ni kipimo cha damu cha aina nyingine ambacho vituo vingi havina. Muuguzi asiye nacho bado ana swali moja la bure, kama kuna moto au mashini mahali alipokuwa, na ana dawa moja, oksijeni. Katika hewa ya kawaida damu inachukua kama masaa manne hadi matano kupunguza CO kwa nusu. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na robo.

Kuhusu mbabula, hakuna hotuba iliyomshinda mama mkwe; mvua ndiyo ilikuwa na hoja, na mtu hawezi kumwambia mwanamke wa miaka 66 apike katika maji. Mwalimu alipiga hesabu nyingine. Banda la nyuma lilihitaji bati nane, miti sita, misumari, na kuinuliwa nusu metre ili maji yapite chini. Kuta tatu ziliachwa wazi. Fundi wa pikipiki alisaidia kuchimba mashimo ya nguzo kwenye lava, kazi ya siku mbili kwa nyundo. Jikoni mpya ilianza kutumiwa mwezi wa Oktoba, na bati mbili kati ya nane bado ni deni dukani.